Kuusubiri Mkanda

Mgeni anayetaka kukodi mashua Lamu huuliza mambo mawili: bei, na saa ya kuondoka. Bei hujibiwa papo hapo, tena kwa bashasha, maana huo ni mwanzo tu wa mazungumzo. Saa haijibiwi hivyo. Nahodha hunyamaza kidogo, kisha huwageukia vijana walioketi gatini na kuuliza, “Leo mwezi ngapi?” Hawamtajii Januari wala Februari. Anataka kujua mwezi wa mbinguni umefika siku ya ngapi tangu uandame, nao humjibu bila kutazama simu: kumi na nane. “Basi kesho tutang'oa nanga saa kumi na moja na nusu, alfajiri,” anasema, na mgeni aliyekuja Lamu kulala anaona ameonewa.

Hajaonewa. Safari anayoitaka, kwenda kisiwa kidogo cha Manda Toto, kuogelea, kula samaki na kurudi jioni, imefungwa na mfereji mmoja mwembamba. Mkanda hupita kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko imeusonga kulia na kushoto, na ndiyo njia ya ndani ya vyombo viendavyo Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Njia ya nje ipo, ya kuuzunguka Manda upande wa bahari kuu, lakini huko kuna mawimbi na miamba, na mashua yenye wageni na watoto haina haja ya ushujaa huo. Mkanda nao hupitika maji yakijaa. Yakipwa, kuna mahali hubaki na maji ya magotini, na kando zake hugeuka tope ambalo ndege wenye miguu mirefu hulipekua kwa raha zao.

Ndiyo maana ufundi wa nahodha wa Lamu, kwa jinsi ninavyouona, ni wa kuchagua saa zaidi kuliko wa kushika usukani. Mwenye macho ya haraka atamwona mzee aliyelala ubavu penye tezi, mguu juu ya kana, mti wa usukani, kofia imeshuka usoni, na kudhani anatazama mtu mvivu. Kumbe kazi ngumu ya siku hiyo aliimaliza jana yake pale gatini, katika ule unyamavu mfupi kabla hajataja saa.

Hesabu yenyewe si siri. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo kila siku huchelewa kwa dakika zipatazo 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa karibu na saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Hilo ndilo bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa Lamu yaweza kufika mita 3 na kuzidi. Baada ya siku saba mambo huwa kinyume. Maji hujaa kwenye saa nne, lakini ni maji mafu, yasiyopanda kwa nguvu wala kushuka kwa nguvu. Mtu anayefunga Ramadhani na kungoja Maulidi kwa mwezi wa mbinguni hana haja ya jedwali la bandari. Akijua tarehe, anajua maji.

Kujua maji si kuamua safari, hata hivyo. Siku ya bamvua Mkanda una kina kizuri, lakini hujaa wakati wa kulala na wakati wa kurudi nyumbani, na katikati ya mchana hauna kitu. Siku ya maji mafu hujaa asubuhi njema, wakati mgeni amekwisha kunywa chai, ila kina chenyewe ni cha ubahili, na mashua iliyojaa watu na mifuko ya mchanga itasugua tumbo. Nahodha hutafuta siku za kati. Mwezi kumi na tisa ni siku ya kati. Maji yatajaa saa moja na ushei asubuhi, yangali na nguvu ya bamvua lililopita, yatapwa saa saba na nusu, yatajaa tena baada ya magharibi. Kwenda kwapatikana, na kurudi pia.

Halafu kuna upepo, nao una hesabu yake. Tuseme ni Januari, kaskazi imekaa vizuri. Kutoka Lamu hadi Mkanda na kutokea ghuba ya Manda ni kuelekea kaskazini na mashariki, yaani kuukabili upepo usoni. Lakini kaskazi haiamki mapema. Alfajiri kuna umande, ule upepo mwepesi utokao barani, unaokipiga chombo ubavuni na kukipeleka bila ugomvi. Ukichelewa hadi saa tatu, umande umekufa na kaskazi imeanza kuvuma kwenye mfereji usio na nafasi ya kubisha. Jioni upepo huohuo uliokuwa adui huja nyuma ya tanga na kukurudisha. Maji yanataka alfajiri, na upepo unataka alfajiri. Mambo mawili yakikubaliana hivyo, nahodha hana sababu ya kumsikiliza mteja.

Gatini, gizani bado, kila kitu kinafanywa kwa sauti ya chini. Tanga limekunjwa juu ya foromali, mti unaolibeba, na kufungwa kwa nyuzi dhaifu, kila baada ya hatua moja uzi mmoja. Vijana wawili wanaivuta henza na foromali inapanda mlingotini kwa mikupuo, kapi likilia, na tanga bado limelala. Ukiwa hujawahi kuona utadhani wamesahau kulifungua. Chombo kinasukumwa kwa upondo, omo inageuka polepole ikijitenga na vyombo vingine, na mpaka hapo hakuna upepo unaowasumbua. Kisha nahodha anasema neno moja, kijana anaivuta demani, ile kamba ya tanga, kwa uzito wake wote, na zile nyuzi zinakatika moja baada ya moja kutoka chini hadi juu. Tanga linafunguka lote kwa pumzi mbili. Ni jambo dogo, na bado sijaona njia nzuri kuliko hiyo ya kuondoka bandarini penye msongamano.

Tanga lenyewe lastahili kutazamwa. Ni pembetatu ya kitambaa cha pamba, vipande vyembamba vilivyoshonwa ubavu kwa ubavu, mishono ya mkono, na kamba imeshonewa pembezoni mwote. Fundi hulikata mchangani au barazani, akipima kwa hatua na kwa mikono, na jambo analolitafuta halionekani kitambaa kikiwa kimelala: tumbo. Tanga lisilo na tumbo halivuti. Lenye tumbo kubwa mno hukilaza chombo ubavu, na haliendi kwenye upepo. Tumbo hilo hutokana na vipande vilivyopunguzwa kidogo hapa na kuongezwa kidogo pale, na mashindano ya mashua ya Lamu, ambako injini hairuhusiwi, aghalabu huwa pia mashindano ya mafundi wa tanga ambao hawamo chomboni.

Mashua inauacha mji nyuma. Upande wa kushoto, ng'ambo ya maji, taa za Mokowe. Maji yanajaa, na yanajaa kuelekea tunakokwenda. Hapa kuna kipande cha ufundi ambacho nilikipenda mara tu nilipokielewa. Maji yakijaa huingia Mkanda kwa milango yote miwili, wa Lamu na wa ghuba ya Manda, yakakutana ndani. Yakipwa hutoka vilevile kwa milango yote miwili. Nahodha anayejua kazi yake huingia na maji yanayojaa, yakimbeba kutoka upande wa Lamu, afike pale yanapokutana wakati yamesimama, kisha yanapoanza kupwa yamtoe upande wa pili. Amebebwa kwenda, na amebebwa kutoka, na mkondo haukumpinga hata hatua moja. Akikosea kwa saa moja na nusu, atasukumana nao njia nzima, na abiria hawatajua kwa nini safari ya leo imekuwa ndefu kuliko ya jana.

Ndani ya Mkanda mazungumzo hupungua. Kwenye bahari ya matumbawe rangi husema kila kitu: buluu nzito ni kina, kijani ni mchanga wenye maji kiasi, hudhurungi ni mwamba wa kuogopwa. Mkanda hauna rangi hizo. Maji ni ya tope, yana rangi moja kwenye kina cha pima mbili na kwenye kina cha kifundo cha mguu. Kwa hiyo husomwa vingine. Kwenye kona, maji mengi hukaa upande wa nje na tope hulala upande wa ndani, basi chombo hufuata kona kwa nje hata kama njia inaonekana kurefuka. Mahali ambapo uso wa maji umelainika ghafla katikati ya viwimbi, hapo chini pana kitu. Na mikoko nayo ni kipimo. Chaza hushikamana na mizizi hadi urefu fulani na hawapandi zaidi, kwa kuwa juu ya hapo maji hayakai vya kutosha. Nahodha niliyepanda naye, mtu wa Matondoni, alikuwa akiitazama mizizi kuliko maji. Mstari wa chaza ukizama wote, alipumua. Ulipobaki wazi kwa shubiri moja, alimwita kijana wa mbele ashike upondo.

Upondo ni mti mrefu tu, lakini mkononi mwa aliyeuzoea una ulimi. Tope huumeza bila sauti na kukataa kuutoa. Mchanga hukwaruza. Mwamba hugonga, na mshindo huo husikika hadi mabegani kabla haujasikika masikioni. Kijana hakutaja vipimo. Alisema “tope,” akasema “tope,” akasema “mchanga,” na mzee nyuma akaisogeza kana kwa kisigino bila kuinuka. Katika nusu saa nzima ile hakuna aliyesema sentensi kamili.

Utajiuliza upepo unapatikanaje kwenye uchochoro uliozungukwa na miti. Jibu liko kwenye foromali. Mti huo, mara nyingi miti miwili iliyounganishwa na kufungwa kwa kamba, ni mrefu kuliko mlingoti unaoubeba, na ncha yake ya nyuma hupanda juu sana. Chini, kati ya mikoko, hewa imetulia kiasi kwamba moshi wa sigara ya baharia hausogei. Juu, ile pembe ya tanga imeshapita vilele vya miti na inachota umande. Chombo kinatembea kwa upepo ambao abiria hawausikii usoni. Matanga ya mtepe, kile chombo cha kale cha kushonwa cha Wabajuni kilichotoweka mwanzoni mwa karne iliyopita, yalikuwa ya mkeka na ya pembe nne. Sijui walipitaje hapa, ila nahisi makasia yalifanya kazi zaidi.

Mikoko yenyewe ina historia yake. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kwa miaka mingi mifereji hii ilipitwa na majahazi yaliyobeba boriti kwenda Uarabuni na Ghuba, hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Wembamba wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu unatokana na urefu wa boriti. Waliokata na kupakia miti ile walihitaji kuujua Mkanda kwa undani kuliko msafirishaji wa watalii, kwa maana chombo kilichojaa boriti kikikaa chini hakiinuki kwa mzaha.

Hofu kubwa hapa si kuzama. Ni kupwelewa: kukaa juu ya tope huku maji yakikimbia, na kujua kwamba hakuna la kufanya kwa saa sita. Abiria watakaa kwenye chombo kilicholala ubavu, juani, na mbu wa mikokoni watawakumbuka. Kwa nahodha hiyo ni aibu zaidi ya hasara, kwa kuwa kila chombo kitakachopita baadaye kitamwona. Lamu ina sababu ya kulikumbuka jambo hili kuliko miji mingine. Masimulizi ya Vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, yanasema majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yaliposhindwa yalikimbilia vyombo vyao, yakakuta maji yamepwa na vyombo vimelala mchangani. Wengi waliuawa papo hapo ufukoni. Lamu iliyoshinda ikahofia kisasi, ikamwomba Sayyid Said wa Oman ulinzi, na yaliyofuata kwenye pwani yote hii kwa sehemu yalianzia hapo. Hakuna anayejua kama manahodha wa siku ile waliulizwa mwezi ngapi.

Mkanda unafunguka, na ghuba ya Manda inatokea yote kwa mara moja. Kushoto, upande wa Kililana, zimesimama winchi za bandari mpya. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na njia ya meli imechimbwa hadi kina cha mita 17.5, ikawekwa maboya yenye taa ili nahodha mgeni kutoka popote duniani aingie usiku bila kuuliza mtu. Mita 17.5, na nyuma yako dakika kumi zilizopita kulikuwa na kijana anayesema “tope.” Wavuvi wa hapa walikwenda mahakamani kwa ajili ya uchimbaji huo, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, ikitambua kwamba maji haya yalikuwa na wenyewe kabla hayajawa bandari. Mzee wa Matondoni aliitazama winchi iliyo juu kuliko zote, akasema tu kwamba siku hizi inamsaidia: ikilingana na ncha fulani ya Manda, anajua amelipita fungu la mchanga. Alama ni alama. Babu zake walitumia mbuyu.

Hapa umande umekwisha na kaskazi imeamka. Manda Toto iko upande unakotoka upepo, kwa hiyo sasa ni kubisha, na hapa ndipo ninapowaomba wageni waache simu zao watazame. Tanga la pembetatu haliwezi kuukaribia uso wa upepo kama matanga ya vyombo vya kisasa. Huenda kwa mshazari, upande huu, kisha upande ule, na kila unapobadili upande lazima foromali nzima na tanga lake vihame kutoka ubavu mmoja wa mlingoti hadi mwingine. Mtu asiyejua angesema mlingoti huu umepinda. Umelazwa mbele kwa makusudi, ili pawe na nafasi ya foromali kupita mbele yake.

Nahodha anakiachia chombo kigeuke kuukimbia upepo. Demani inalegezwa yote, tanga linaruka mbele ya omo na kupepea huko, kubwa kuliko chombo chenyewe. Kijana mmoja anaivuta ncha ya chini ya foromali hadi kwenye mlingoti, mti ukasimama wima. Mwingine ameishika demani na anakimbia nayo kuzunguka mbele ya mlingoti, akiruka juu ya magoti ya abiria, nyayo tupu kwenye ukingo wa mbao zilizolowa. Ncha ya chini inaachiwa upande mpya, foromali inalala, demani inafungwa, tanga linapiga mshindo mmoja na kujaa. Wakati huohuo mifuko ya mchanga, ambayo ndiyo farumi ya mashua hizi, imehamishwa kwa mkono kutoka ubavu hadi ubavu, na ubao mrefu umesukumwa nje upande wa joshi, unakotoka upepo, na kijana amekwishaukalia, mgongo wake ukining'inia juu ya maji. Huko ndiko kukisi tanga. Likifanywa vizuri, abiria husikia tu kwamba jua limehamia shavu la pili. Likifanywa vibaya tanga hujifunga mlingotini, na hapo utasikia maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Kinachonivutia ni kwamba hakuna hatua iliyoamriwa. Nahodha alisema “Haya,” basi. Watatu wale wamefanya kazi pamoja tangu mdogo wao alipokuwa wa kufua maji tu, kwa dumu lililokatwa, na kazi ya kufua maji ndiyo darasa la kwanza kwa sababu anayekaa chini kwenye ngama huona mikono ya wote. Baada ya hapo hupewa upondo, kisha farumi, kisha demani. Demani hukaa naye miaka. Anajifunza kuishika kama ashikavyo mtu mkono wa mtoto sokoni, asiubane wala asiuachie, ili upepo wa ghafla ukija aiachie kabla chombo hakijalala. Kana huja mwisho, na mwanzo wake huwa siku ya kawaida isiyo na sherehe. Mzee anasema anataka kuswali, au anataka kula, na anaondoka tezini bila kuangalia nyuma. Kijana anabaki na chombo.

Kuhusu Manda Toto nina machache ya kusema. Maji ni maangavu, matumbawe yapo, watoto hupiga kelele, na mtu yeyote mwenye miwani ya kuzamia atakueleza vizuri kuliko mimi. Nitataja jiko tu. Liko chomboni, ni sanduku la mbao lililojazwa mchanga, na juu yake mafiga matatu na makaa. Mpishi huliweka upande wa demani, ulioinamia maji, ili moshi na cheche zianguke baharini zisipite kwenye tanga la pamba. Changu waliokaangwa hapo, wali wa nazi, ndimu na pilipili, nimewahi kula hotelini kwa bei mara kumi na havikufika hapo. Maji yanapwa wakati wote wa chakula, na kila mara nahodha hunyanyuka, huisogeza nanga mbele kidogo, hurudi kwenye sahani yake.

Saa tisa na nusu anaanza kuwaita watu. Hawaji. Wageni hawaji kamwe mara ya kwanza, na kwa hiyo saa ya kweli anayoitaka ni kumi, jambo ambalo ameshalitia kwenye hesabu yake. Kurudi kuna mtego mmoja. Maji yatajaa kabisa karibu saa mbili kasorobo usiku, na hataki kuwa Mkanda gizani na watoto. Anaingia mapema, maji yakiwa bado yanapanda. Nusu ya kwanza yanamsukuma. Akipita pale yanapokutana, nusu ya pili yanampinga, lakini kaskazi imekwisha kupata nguvu na iko nyuma yake, tanga limefunguliwa wazi kabisa, na upepo unalipa deni la mkondo. Na kuna faida nyingine ya kupita maji yakijaa ambayo hawaitaji kwa wateja: ukigusa tope, ngoja robo saa, utainuliwa. Ukigusa maji yakipwa, umelala hapo.

Injini ipo, imefunikwa turubai tezini. Sina ugomvi nayo. Siku ya upepo kufa, au mgonjwa chomboni, huwashwa bila mjadala, na nahodha asiyekuwa nayo leo hapati wateja. Nasema tu kwamba haikuondoa hesabu hata moja. Panga la injini linalokwenda kwa kasi hukutana na tope lilelile, tena kwa hasara zaidi. Boti za mwendo kasi zinazokwenda Mtangawanda na Faza nazo huuliza maji kabla ya kuuza tiketi, na vijana wanaoziendesha vizuri, ukichunguza, ni wale waliowahi kukaa ngamani na dumu lililokatwa.

Na siku za bamvua, ambazo hazifai kwa safari ya mchana, haziendi bure. Chombo hupandishwa ufukoni alfajiri, maji yakiwa juu, na kuachwa hapo. Maji yakipwa kinabaki kimesimama mchangani, kimeegemea magadi pande zote mbili, na kuna saa kadhaa za mchana mweupe za kufanyia kazi chini yake. Konokono na magugu hukwanguliwa. Makuti huwashwa na kupitishwa chini ya mbao, haraka, ili wadudu watoboao mbao wafe na mbao zisiungue, na mwenye kushika mwenge huo huwa mtu mzima, hapewi kijana. Fundi wa kalafati hupita kila mshono na patasi na pamba iliyolowa mafuta, akigonga na kusikiliza. Mshono uliojaa hutoa sauti kavu, ulio na njaa hutoa sauti pana. Juu ya maji mbao hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, harufu yake ikatanda mtaa mzima. Chini hupakwa deheni, kwa mkono, bila brashi. Baada ya adhuhuri maji huwa yameshagusa mkuku, na mshono ambao haujazibwa husubiri bamvua lijalo, wiki mbili mbele.